Cheti cha Jana, Dereva wa Leo

Nchini Marekani, dereva anayetaka kuendesha lori la mafuta ya petroli lazima achukuliwe alama za vidole kwa amri ya serikali kuu. Sharti hilo lina mizizi katika sheria ya kupambana na ugaidi iliyopitishwa mwaka 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na tangu 2005 hakuna anayepata wala kuhuisha idhini ya kubeba shehena ya hatari kabla mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, haijapekua rekodi zake. Anayetaka kubeba watoto wa shule, serikali hiyohiyo humtaka afaulu mtihani wa maandishi na wa barabarani ili aongezewe herufi S kwenye leseni ya magari makubwa. Kuhusu makosa aliyowahi kufanya huko nyuma, serikali kuu imeyaachia majimbo yaamue.

Ukiisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza inakera, na wanasiasa wanalijua hilo. Kila dereva mmoja anapokamatwa kwa jambo baya, vikao vya mabunge ya majimbo hujaa sauti za kutaka masharti yakazwe: orodha ya makosa irefushwe, miaka ya kufungiwa iongezwe, yaliyokuwa na kikomo yawe ya maisha. Mimi naona kelele hizo zimekosea mlango. Majimbo hayakulala, mengi yana uchunguzi mkali kuliko ule wa dereva wa petroli. Kasoro kubwa ya mfumo huu ni ya wakati. Cheti humweleza mtu mpaka siku kilipotolewa, na watoto hupanda basi siku zote zinazofuata. Jimbo linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko mengine ni Pennsylvania, kwa sababu limejaribu karibu kila dawa inayojulikana.

Mtu anayeomba kazi ya kuendesha basi la shule Pennsylvania hukusanya karatasi tatu kabla hajakabidhiwa ufunguo. Ya kwanza hutoka polisi wa jimbo na huonyesha makosa yaliyorekodiwa ndani ya jimbo. Ya pili hutoka idara ya huduma za jamii, inayotunza daftari la watu waliothibitika kudhulumu watoto, na ndani ya daftari hilo wamo hata wale ambao hawakuwahi kusimama kizimbani. Ya tatu ni ya FBI. Mwombaji huenda kwenye ofisi ya wakala, hukandamiza vidole vyake kumi kwenye kioo cha mashine, na picha hizo husafirishwa kulinganishwa na hazina ya nchi nzima. Hapo hajaguswa bado na daktari, ambaye humpima kila mwaka, wala na mwalimu wa udereva. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya cheti cha tabia njema Nairobi au Dar es Salaam ataitambua karatasi ya tatu mara moja, ila azidishe mara tatu usumbufu wake.

Sheria hizo hazikuja kwa pamoja. Karatasi ya polisi ilianza na sheria ya 1985, ya idara ya jamii ikafuata miaka ya 1990, na ile ya FBI ikawa lazima kwa sheria ya 2006. Kisha ikaja kashfa ya Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, aliyekamatwa 2011 na kupatikana na hatia 2012 kwa kuwadhulumu kingono wavulana kwa miaka mingi. Jimbo zima liliona aibu, na bunge lake likaandika upya sheria za ulinzi wa mtoto kwa kasi isiyo ya kawaida. Leo mtu aliyehukumiwa kwa kuua, kubaka, kuteka nyara au makosa mengine ya namna hiyo amefungiwa kazi za shule moja kwa moja. Makosa mengine makubwa humfungia miaka 10 baada ya kumaliza adhabu. Na makosa ya ngazi ya chini yake, miaka 5. Wanaoomba orodha irefushwe zaidi wangeisoma kwanza iliyopo.

Tatizo linaanza na kile kilichomo ndani ya hazina ya FBI. Watu wengi huidhani kuwa daftari la ukweli wote. Uhalisia ni kwamba ni mkusanyiko wa kile ambacho vituo vya polisi na mahakama za nchi nzima vimejaliwa kutuma. Mwaka 2006 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliliambia bunge kwamba karibu nusu ya rekodi hizo hazionyeshi kesi iliishaje: mtu alikamatwa, alama zikachukuliwa, na baada ya hapo kimya. Aliyeachiwa huru na aliyefungwa wanafanana kwenye skrini. Vilevile hazina hiyo haivuki mpaka. Dereva aliyehamia Marekani kutoka Mombasa, Bujumbura au Manila akiwa na umri wa miaka 40 atatoka msafi hata kama kwao aliwahi kufungwa, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kuonekana na polisi wa Marekani. Na aliye msafi leo asubuhi anaweza kukamatwa leo jioni. Kila alfajiri, kabla ya kuondoka yadi, dereva hulizunguka basi lake akikagua taa, matairi, breki na mlango wa dharura, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba tairi lililokuwa zima jana si lazima liwe zima leo. Karatasi tatu za dereva mwenyewe, kwa sheria ya Pennsylvania, huhuishwa kila baada ya miezi 60.

Hata zingehuishwa kila mwezi, kuna mambo zisingeyaona. Novemba 2016 iliipa Marekani masomo mawili ndani ya wiki tatu. Tarehe 1, jijini Baltimore, basi la shule ambalo bado halijapakia mwanafunzi liligonga gari dogo kwa nyuma, likaenda kulivaa basi la abiria la mji, na watu 6 wakafa, akiwemo dereva wa basi la shule. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, iligundua kwamba alikuwa na kifafa cha miaka mingi ambacho alikificha kwa madaktari waliompima, na kwamba alishapata ajali kadhaa akiwa kazini bila mwajiri kuziunganisha. Tarehe 21, mjini Chattanooga katika jimbo la Tennessee, dereva kijana aliyekuwa akiongea na simu aliingia kwenye kona kwa mwendo uliozidi sana kikomo cha barabara ile. Basi likaacha njia, likapinduka na kukita kwenye mti. Watoto 6 wa shule ya msingi walikufa. Wanafunzi, wazazi na watu wa shule walikuwa wamekwisha kulalamika kuhusu mwendo wake kabla ya siku hiyo. NTSB iliziweka ajali hizo mbili katika ripoti moja ya 2018, na lawama iliyopita katikati ya zote mbili ni usimamizi wa madereva: taarifa zilikuwepo, mikononi mwa watu wenye mamlaka, na hakuna aliyezifanyia kazi. Hakuna mashine ya alama za vidole inayosoma malalamiko ya mzazi.

Atakayenipinga hapa atasema ninachanganya mambo. Uchunguzi wa rekodi za jinai haukuwekwa kuzuia ajali, uliwekwa kuzuia wabaya wasikae karibu na watoto. Kuulaumu kwa kutoona kifafa ni kuulaumu kwa kazi isiyo yake. Nakubali, nusu. Ila bajeti na saa za watu ni zilezile. Meneja wa usafirishaji wa wilaya ya elimu, ambaye mara nyingi ndiye pia anayepanga njia na kujibu simu za wazazi, akitumia wiki yake kufukuzia karatasi ya mwombaji aliyewahi kupigana baa miaka 20 iliyopita, wiki hiyo haipo tena kwa ajili ya malalamiko ya jana. Sheria inayoshupalia mlango wa kuingilia huwazoesha watu kudhani kwamba aliyekwisha kuingia hana neno.

Kwa uzito wa mlango huo, hakuna kesi inayofundisha kama ile ya El dhidi ya SEPTA. SEPTA ni mamlaka ya usafiri wa umma ya Philadelphia na vitongoji vyake, na hutoa pia usafiri wa nyumba hadi nyumba kwa watu wenye ulemavu kupitia wakandarasi. Mapema mwaka 2000 mkandarasi mmoja alimwajiri Douglas El kuendesha gari la huduma hiyo, kwa sharti kwamba rekodi zake zichunguzwe. Wiki chache baadaye majibu yakaja: karibu miaka 40 nyuma, kutokana na ugomvi wa magenge uliotokea alipokuwa na umri wa miaka 15, alihukumiwa kwa mauaji ya daraja la pili, akatumikia miaka mitatu na nusu. Hilo lilikuwa kosa lake pekee la ukatili maishani. Mkataba na SEPTA ulikataza kumweka kwenye kiti cha dereva mtu yeyote aliyewahi kuhukumiwa kwa ukatili, hata iwe zamani kiasi gani, na El akaondolewa. Alishtaki kwa hoja kwamba kanuni ya namna hiyo huwaangukia zaidi Wamarekani weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao hukamatwa na kuhukumiwa kwa viwango vikubwa kuliko wengine.

Abiria wa gari lile hawakuwa wanafunzi, lakini hali yao ilifanana na ya mtoto kwenye basi: wengine hawawezi kujitetea, wengine hawawezi kueleza walichotendewa, na mara nyingi hubaki peke yao na dereva. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliipa SEPTA ushindi, ingawa kwa shingo upande. Majaji walisema wazi kwamba kumbukumbu za kesi hazikuonyesha SEPTA ilifikaje kwenye kanuni ya maisha. Kilichoiokoa ni ushahidi wa wataalamu ambao upande wa El haukuleta mtu wa kuujibu. Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Alfred Blumstein, miongoni mwa magwiji wa elimu ya uhalifu Marekani, na maoni yake yalikuwa kwamba aliyewahi kuhukumiwa kwa ukatili hubaki na uwezekano wa kurudia ulio juu ya wa asiye na rekodi, hata kama tofauti ni ndogo.

Swali alilokwenda nalo mahakamani Blumstein hakuliacha huko. Mwaka 2009 yeye na Kiminori Nakamura walichapisha utafiti uliofuatilia watu wapatao 88,000 waliokamatwa kwa mara ya kwanza jimboni New York mwaka 1980. Waliuliza: anayekaa bila kukamatwa tena, baada ya muda gani hatari yake inashuka mpaka kuwa sawa na ya mtu mwingine yeyote wa umri wake? Kwa aliyekamatwa na umri wa miaka 18 kwa unyang'anyi, jibu lilikuwa miaka 7.7. Kwa kuvunja nyumba, 3.8. Baada ya hapo, kwa takwimu hizo, rekodi yake haimwambii mwajiri kitu cha maana kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuitikisa kanuni aliyosaidia kuitetea kwa uungwana zaidi ya huyu.

Tuwe waangalifu na namba hizo. Zinahusu unyang'anyi, uvunjaji na mashambulio. Hazimpi mtu ruhusa ya kusema hivyohivyo juu ya aliyemnajisi mtoto, na kwa huyo mimi sioni taabu na zuio la maisha. Kazi za kufanya ziko nyingi, na hakuna haki inayovunjwa kwa kumwambia mtu huyo atafute ile isiyo na watoto. Mahakama za Pennsylvania zenyewe zimeanza kuchora mstari huo. Mwaka 2012 mahakama moja ya jimbo iliamua kwamba kumfungia maisha mfanyakazi wa taasisi ya elimu kwa sababu ya mauaji ya miongo mingi nyuma, bila kujali alivyoishi tangu hapo, kulikiuka katiba ya jimbo. Na tume ya shirikisho ya usawa kazini ilikwisha kuwaelekeza waajiri, mwaka huohuo, wapime kosa lenyewe, muda uliopita na aina ya kazi kabla ya kumkataa mtu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mzazi, na halina haja ya takwimu. Mzazi husema: hata kama hatari ni ndogo kama punje, kwa nini mtoto wangu aibebe yeye? Msamehe mtu huyo, mpe kazi ghalani, lakini basi la shule liache. Sauti hiyo nina heshima nayo, na ingekuwa neno la mwisho kama kumwacha mwenye rekodi ya zamani kungetuhakikishia aliyebaki. Hakutuhakikishii. Watafiti waliochambua miaka 21 ya kumbukumbu za New York, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliokamatwa kwa makosa ya kingono hawakuwa na hukumu yoyote ya nyuma ya kosa la aina hiyo. Yaani hatari kubwa ambayo mzazi anaiogopa iko kwa watu ambao karatasi zao tatu zitarudi safi. Ukali unaoelekezwa kwa mzee mwenye kosa la ujana unampa mzazi faraja, lakini haumpunguzii mtoto hatari kwa kiasi anachodhani, na hapo ndipo ninapoachana na wenye kutaka orodha irefushwe.

Basi kinachofaa kukazwa ni kipindi cha kati, na vyombo vya kukikaza vipo. Pennsylvania humtaka dereva aliyekamatwa au kuhukumiwa kwa makosa yaliyotajwa aripoti kwa maandishi ndani ya saa 72. Ni sheria nzuri yenye udhaifu ulio wazi: inamtegemea mhusika ajishtaki. FBI yenyewe ina huduma, iliyoanza 2014, inayohifadhi alama za dereva na kumtumia taarifa mwajiri mara tu vidole hivyo vinapoonekana tena kituoni popote nchini. Majimbo mengine yamejiunga nayo, mengine hayajajiunga. Kwa upande wa ulevi hatua imepigwa zaidi. Tangu Januari 2020 kuna hazina ya taifa ya madereva wa magari makubwa waliofeli au kukataa vipimo vya pombe na dawa za kulevya, na mwajiri, wa basi la shule akiwemo, lazima aiulize kabla ya kuajiri na tena kila mwaka. Zamani dereva aliyefukuzwa kaunti moja kwa kupimwa na kukutwa na bangi aliweza kuvuka mto akaajiriwa kaunti ya pili. Sasa ni vigumu.

Sheria ninayoithamini kuliko hizo zote haina mashine. Ni ya Pennsylvania ya mwaka 2014, nayo inamlazimisha mwombaji wa kazi ya shule, dereva akiwemo, kutaja waajiri wake wa zamani waliomweka karibu na watoto, na inawalazimisha waajiri hao kujibu kama aliwahi kuchunguzwa, kuadhibiwa au kujiuzulu kwa tuhuma za mwenendo wa kingono. Inakataza pia mikataba ya kuachana kimyakimya, ile ambayo shule humwambia mtu aondoke leo na kumwandikia barua nzuri ya kumpeleka kwa jirani. Inagusa hasa kundi ambalo takwimu za New York zinatutahadharisha nalo: watu wenye minong'ono nyuma yao na rekodi safi mbele yao.

Wapo wanaoona kwamba kumfuatilia mfanyakazi mfululizo ni kumfanya mtuhumiwa wa kudumu, na kwamba tuhuma si hukumu. Wana haki ya kuogopa. Kukamatwa peke yake kusimfukuzishe mtu, hasa tunapojua kwamba rekodi nyingi hazina mwisho. Apumzishwe kwa malipo mpaka jambo lijulikane, naye asikilizwe. Ila kati ya kumfungia mtu milele kwa alichofanya akiwa na miaka 15 na kumuuliza kila mwaka anaendeleaje, mimi naona la pili linamheshimu zaidi, na linamlinda mtoto zaidi.

Kinachobaki ni nani anafanya kazi hiyo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Pennsylvania alirudia mara nyingi kuandika katika ripoti zake za wilaya za elimu jambo lilelile: mafaili ya madereva yalikuwa na karatasi zilizopungua au zilizokwisha muda, kwa kuwa wilaya ilimwachia mkandarasi na mkandarasi aliamini wilaya inaangalia. Kanuni za jimbo haziachi utata. Bodi ya shule ndiyo inayowajibika kuteua na kuidhinisha madereva, wawe wa kwake au wa kampuni. Orodha huletwa kikaoni mwishoni mwa kiangazi, majina hupitishwa kwa kura moja, na kikao huendelea na mengine. Kisha madereva huanza kuacha kazi. Uhaba wao uliposhika kasi mwaka 2021, gavana wa Massachusetts aliwaita askari wa Walinzi wa Taifa waje waendeshe magari ya shule, na Januari 2022 serikali kuu ikaruhusu majimbo kumsamehe mwombaji sehemu ya mtihani inayohusu kutambua vipuri vya injini. Katika msukumo kama huo ndipo dereva wa Oktoba anapoingia, yule ambaye hakuwemo kwenye orodha ya Agosti, na faili lake hufunguliwa na mtu ambaye simu yake ya pili inalia kwa sababu njia namba fulani haina dereva asubuhi hii. Mabunge yanayotaka kuongeza kosa jingine kwenye orodha yangeweza, kwa gharama isiyo kubwa, kuilipia kila wilaya mtu mmoja ambaye kazi yake ni mafaili hayo na malalamiko hayo peke yake, na kumpa mamlaka ya kulisimamisha basi.